Tuta la Mlinzi

Watu wa Kolkepampa, kijiji chetu cha milimani, hawakunipa ulinzi wa mashamba kwa heshima. Walinipa ili nishindwe. Nalisema hili mapema, nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani.

Mume wangu Genaro alipokufa aliniachia binti mmoja, Lidia, na zamu moja ya utumishi. Kwetu ardhi ni ya jumuiya, na jumuiya humwachia mtu shamba kwa sababu nyumba yake inatumika, yaani inawahudumia wote kwa zamu. Mwaka huu unagharimia sikukuu, mwaka mwingine unakuwa mjumbe, mwingine unalinda mashamba. Nyumba isiyotumika hufutwa jina. Yetu ilikuwa imebakiza ulinzi tu. Nikiufikisha hadi mavuno, mashamba ni yangu na ya mwanangu. Nikishindwa, yanakwenda kwa shemeji yangu Zenobio, nami nashuka mjini kufua nguo za watu.

Zenobio hakungoja hata hilo. Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, alikwisha kuchukua kipande chetu cha bondeni, tambarare, udongo mweusi, jembe linaingia lenyewe.

"Cha muda tu, shemeji," aliniambia. "Wewe mwanamke peke yako utakiweza wapi? Chukua kile cha juu. Ni kidogo, lakini kinakutosha."

Cha juu ni mteremko wa mawe ambao hata kondoo hupanda kwa kunung'unika. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikabeba jembe langu nikaenda kupanda viazi kwenye mawe.

Mlinzi hukaa kwenye kibanda kando ya mashamba tangu viazi vinapochipua hadi vinapochimbwa. Akiona wingu la mvua ya mawe hupiga pembe na kulizomea. Akiona jioni anga imetakata na upepo umekufa, hujua jalidi, ile baridi ya kugandisha, itashuka, basi huwasha samadi kavu na nyasi mbichi ili moshi uyafunike mashamba mpaka asubuhi. Huita watu, maana moto wa mtu mmoja haufuniki bonde zima. Na ana miiko yake. Haoshi nywele, haendi ngomani, halali na mtu. Siku nilipoapishwa hapo ndipo walipopatia kicheko.

"Huyu anatufaa sana," Zenobio aliwaambia. "Wa kulala naye keshakufa, na nywele hata mwaka jana hakuziosha."

Mama mkwe wangu, Hilaria, alicheka kuliko wote. Genaro alikuwa mwanawe wa kuzaa, lakini alicheka hadi akajishika mbavu. Sikusahau.

Miezi ya kwanza ilipita vizuri, na ugomvi wangu pekee ulikuwa na mwalimu. Mwalimu Wilder aliletwa kutoka nyanda za joto za mashariki, akawa anafundisha amejifunga skafu hadi machoni. Lidia aliandika kwenye mtihani kwamba mwaka una majira mawili, ya mvua na ya ukavu, akapewa sifuri. Nikatoka kibandani, nikaenda kumkuta darasani anapasha mikono juu ya kikombe cha chai.

"Mwalimu, mwanangu kakosea wapi?"

"Majira ni manne, mama Lidia. Kuna ya kuchipua, kiangazi, ya majani kupukutika, na ya baridi kali. Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Majani ya nini?"

Akatazama dirishani. Kutoka shuleni unaona bonde lote mpaka milima ya theluji, na hakuna mti hata mmoja.

"Ni mfano tu," akasema.

"Na Februari, huko kitabuni, ni majira gani?"

"Kiangazi. Kusini mwa dunia ndiko kunakoelekea jua miezi hiyo."

"Basi karibu kibandani kwangu ule kiangazi na mimi. Njoo na blanketi."

Alicheka, tena alicheka vizuri, akanieleza mengine ambayo sikuyakataa: kwamba jua huwa juu ya utosi wetu mwishoni mwa mwaka, kwamba kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi, na ndiyo maana mtu akiteremka siku moja kwa gari kutoka kwetu anakuta ndizi na mbu. Lakini sifuri hakuifuta. Mtu anayekubaliana nawe kila kitu na bado anamwachia mwanao sifuri, huyo ni wa kumwangalia.

Ikafika Februari, wiki ya kanivali, viazi vimetoa maua. Mgharimiaji wa sikukuu mwaka ule alikuwa Zenobio.

Kwetu kila filimbi ina majira yake. Kuna filimbi za mvua, hizo ndizo hupigwa viazi vikiwa ardhini. Na kuna zile za mianzi iliyofungwa kwa safu, za miezi mikavu, ambazo hutolewa viazi vikishachimbwa. Hizi huita jalidi, na Juni jalidi tunaitaka. Ndiyo mwezi wa kutandaza viazi nyasini vigande usiku, mchana jua livikaushe, tuvikanyage maji yatoke, tupate viazi vikavu vya kutulisha miaka. Jalidi ya Juni ni mgeni wa kualikwa. Ya Februari ni mwizi. Hakuna mtu mwenye akili anayepiga filimbi za Juni viazi vikiwa na maua, na mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kujisaidia mwenyewe.

Zenobio alileta bendi kutoka mji wa El Alto, vijana wenye miwani ya jua, na filimbi walizozijua ni za mianzi tu. Nilikuwa kibandani lakini walishukia barabarani karibu nami, nikasikia kila neno. Mzee Anacleto, mkuu wa jumuiya, alizitazama zile filimbi akavua kofia.

"Zenobio, mwanangu, hizi ni za Juni."

"Mzee, nauli nimeshatoa. Unataka nao wacheze kwa kupiga makofi?"

"Nakwambia ni za Juni."

"Muziki ni muziki, mzee. Kunywa kwanza."

Mzee Anacleto akanywa. Wakapiga, na watu wakacheza, mzee mwenyewe mbele, mama mkwe wangu nyuma yake na karatasi za rangi shingoni. Zilikuwa filimbi tamu, sisemi uongo. Niliona kijiji kizima kinazunguka mashamba kwa nyimbo za Juni, na hakuna aliyeziba masikio.

Siku ya tatu ya sikukuu, jua likielekea kuzama, mawingu yote yaliondoka. Upepo ukakatika. Anga ikawa safi mno, ya bluu ya kutisha, na moshi wa majiko ukasimama wima. Nikapiga pembe. Nikapiga tena na tena mpaka midomo ikauma, hakuja mtu. Nikavunja mwiko, nikakimbia hadi uwanjani, nikamkamata Zenobio mkono katikati ya duara.

"Shemeji, jalidi inashuka. Toa watu wakawashe moto."

Akaniangalia kuanzia miguuni hadi kwenye nywele zangu zisizooshwa.

"Mlinzi kaja ngomani. Jamani, mmemwona mlinzi? Nenda kalinde, mama. Ndiyo kazi yako."

Walicheka. Wengine walinitupia unga wa sherehe usoni, kwa utani, wakaendelea kuzunguka. Nikarudi peke yangu, nikawasha moto bondeni, kwenye tambarare yao, si kwangu. Nilianza na shamba la Zenobio kwa sababu ndilo lililokuwa chini kabisa. Samadi iliisha mapema. Hilo ndilo nililofanya, na sikuwahi kusikia mtu akilitaja.

Asubuhi bonde lote lilikuwa jeusi. Majani ya viazi yalilala kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na jua lilipoyapiga yakaanza kunuka. Watu walitoka na vichwa vyao vya ulevi, wakasimama kando ya matuta yao. Kisha mmoja akainua kichwa, halafu mwingine, mpaka wote wakawa wanatazama juu, kwenye mteremko wa mawe. Viazi vyangu vilikuwa vya kijani, maua yamesimama.

Hakuna muujiza hapo. Baridi ni nzito, hutiririka kama maji, hulala pale chini inapopata pa kulala. Mtu yeyote wa kwetu anajua. Ndiyo sababu wazee waligawa kila nyumba kipande cha chini na cha juu, hiki kikifa kile kipone. Lakini cha juu ni cha kuchosha, na watu wa Kolkepampa walikwisha kuacha kukilima, wakawa wanakichungia kondoo. Mimi sikukichagua. Nilisukumiwa.

Mkutano uliitwa siku hiyohiyo, kando ya ukuta wa shule. Nilisimamishwa katikati.

"Mlinzi gani huyu," alianza Zenobio, "kila shamba limekufa isipokuwa lake? Mwenye akili na ajiulize."

"Kaifukuza kwake kaileta kwetu," mwanamke mmoja akasema.

"Na mwiko kavunja. Kaja ngomani, wote tulimwona."

"Nilikuja kuwaita," nikasema.

"Si ulikuja? Basi."

Mwalimu Wilder akaomba kusema. Alikuwa na chungwa la sikukuu mkononi, amelichoma penseli katikati. Akamwomba mzee Anacleto asimame awe jua, na mzee akakubali, akasimama na kofia yake.

"Dunia inajizungusha hivi kwenye mhimili wake," mwalimu akasema, "tunapata usiku na mchana. Na inalizunguka jua hivi, mwaka mzima, huku imeinama, tunapata majira." Akamzunguka mzee Anacleto na chungwa lake. "Sisi tuko hapa, ukanda wa joto."

Watu waliojifunika mablanketi ya poncho mawili mawili walicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Tungekuwa kwenye nyanda za chini, kweli tungekuwa na joto. Lakini tuko juu mno, hewa ni nyepesi. Anga likiwa wazi na upepo ukitulia, ardhi inapoteza joto lote kabla haijageuka tena kulikabili jua. Hewa ikishapoa inakuwa nzito, inateremka kutoka juu na kujaa huku chini. Hakuna filimbi wala mlinzi anayeweza kuizuia. Mama Lidia hana kosa."

Nilitaka kumshukuru. Zenobio akaniwahi.

"Mmemsikia mwalimu? Baridi inateremka kutoka juu. Sasa mwambieni, huko juu kuna shamba la nani?"

Kelele zikalipuka. Mwalimu alijaribu kusema tena, chungwa bado mkononi, na hakuna aliyemsikiliza. Ndipo hasira ikanipanda, nikasema lile ambalo wote walikuwa wamelikalia.

"Semeni na hili basi. Nani kapiga filimbi za Juni mwezi wa Februari? Nani kazileta, na nani kazicheza?"

Mimi mwenyewe sijui kama filimbi huita jalidi. Siamini sana wala sikatai. Lakini wao waliamini, kila mmoja wao, na kila mmoja alikuwa amecheza. Walinitazama kwa chuki ambayo Zenobio peke yake asingeweza kunipatia. Angekuwa na kosa mmoja wangemsamehe. Walikuwa na kosa wote, ikabidi awepo asiyecheza wa kulibeba.

Mzee Anacleto alikohoa muda mrefu. Hakutaja filimbi.

"Ataendelea hadi mavuno," akasema. "Halafu tuta la mlinzi litaamua."

Tuta la mlinzi ni desturi yetu. Wakati wa kuchimba, kila nyumba humfungulia mlinzi tuta moja katika shamba lake, kwa jembe la nyumba hiyo, naye akachimba viazi vyake. Ndio ujira wake na ndio ushahidi wake. Nyumba zote zikifungua, utumishi umekamilika. Nyumba moja ikikataa, haukufanyika. Nilimwona Zenobio akitabasamu, maana nyumba moja alikuwa nayo.

Miezi iliyofuata walinifanyia kila kitu ambacho watu wema hufanya wakiwa wengi. Nilipofika kisimani wanawake waliinua ndoo zao nusu tupu wakaondoka. Lidia aliitwa mtoto wa jalidi hadi akakataa shule, nikampeleka kwa fimbo kwa sababu sikutaka wapate na hilo. Kondoo waliingizwa mteremkoni kwangu mara tatu. Nikawa nalala kwenye shamba langu mwenyewe na kombeo mkononi, na asubuhi narudi kibandani kulinda mashamba meusi ya watu wale, yasiyo na kitu cha kulindwa. Sikutaka mtu yeyote akute asubuhi moja sipo. Hata kwa miguu ya kuvimba nilikuwapo.

Mei ikaja, wakachimba. Waligeuza tuta baada ya tuta wakatoa viazi vya ukubwa wa mavi ya kondoo. Vya kula vilikuwa taabu, vya mbegu ndiyo usiseme. Mimi nilichimba kwenye mawe yangu viazi vya kujaa ngumi, vyekundu, vyeusi, vya zambarau, nikavipanga juani makusudi mahali ambapo bonde zima litaviona.

Njaa mwana malegeza. Walianza kupanda mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa yule mwanamke wa mkutanoni, akaniuliza hali ya magoti yangu.

"Magoti hayajambo," nikamwambia. "Unataka mbegu. Nenda kanifungulie tuta langu, nije nichimbe, kisha utapata."

"Tuta lenyewe lina nini, Basilia? Hamna kitu."

"Hicho hicho kisicho kitu nakitaka."

Habari ikashuka mlima kabla yake. Kesho yake nilipita shamba kwa shamba na Lidia na gunia, kijiji kizima kikinifuata. Walifungua matuta huku wakinitukana. "Chimba, mchawi, ushibe." Nilipiga magoti, nikachimba kila tuta mpaka mwisho wake, nikaokota vile vidude vyote, sikuacha hata kimoja. Aliyefungua nilimpimia mbegu palepale kwa kofia ya marehemu mume wangu. Hawakushukuru wala sikutaka washukuru.

Tukafika kwa Zenobio. Alikuwa amesimama katikati ya tambarare yangu, mikono kiunoni.

"Kwangu huchimbi."

"Utapanda nini mvua ikija, shemeji?"

"Nitanunua mbegu mjini."

"Za mabonde ya joto. Baridi ya kwanza tu zimekwisha."

"Zife. Bora nikose mbegu mwaka mmoja kuliko niikose ardhi maisha." Akawageukia watu. "Nyumba moja imekataa. Mzee Anacleto, sema neno lako."

Niliwatazama wale niliowapimia mbegu dakika chache zilizopita, wamezikumbatia. Hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wamekwisha kupata walichokifuata, na wengine, naapa, walikuwa wanasubiri kwa hamu. Mzee Anacleto akavua kofia yake. Nikaushika mkono wa Lidia, nikaanza kufikiri ni ukoo gani tulionao mjini.

Ndipo Hilaria akatoka kwenye kundi na jembe. Alitembea polepole, mgongo umepinda, akampita mwanawe bila kumtazama, akafika tuta la pembeni akalipasua.

"Mama, unafanya nini?"

"Hujui jembe?"

"Mama, acha. Tukikaza leo tu, na la juu linakuwa letu."

"Na la juu atalilima nani, wewe? Kwa magoti hayo ya kuchezea ngoma? Nyumba hii ni ya baba yenu, naye keshakufa, mwenye nyumba ni mimi. Nimefungua. Mzee Anacleto, umeona?"

"Nimeona," akasema mzee Anacleto.

Zenobio alisema maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, akalitupa gunia lake chini, akashika njia ya kijijini. Hakuna aliyemfuata. Hilaria alibaki ameegemea jembe, akaniona namwangalia.

"Usinitazame hivyo. Sikupendi. Tangu Genaro akulete sijakupenda, na leo sikupendi."

"Najua, mama."

"Basi chimba."

Nikapiga magoti nikachimba. Tuta lile lilikuwa baya kuliko yote, viazi kama punje za mahindi, na vingine vimeoza. Niliokota na vilivyooza. Nilipomaliza, mzee Anacleto alitamka kwamba nyumba ya Genaro imetumika, jina lake linabaki, na mashamba yake ya chini na ya juu ni ya mjane wake na bintiye. Alilitamka haraka, kama mtu anayelipa asichotaka kulipa. Watu wakaanza kutawanyika.

Mama mkwe wangu alitandaza chini shuka yake ya mgongoni. Nikapima kofia moja, nikamimina.

"Ndogo," akasema.

Nikapima nyingine. Akaitazama mbegu, akainua kubwa moja, akaipangusa udongo kwa kidole gumba.

"Usijidanganye kwamba ni kwa ajili yako," akasema. "Nimekwisha kuzika mtoto mmoja. Huyu mjinga siwezi kumzika kwa njaa."

Nikamwongezea ya tatu. Alifunga shuka, akaikataa mikono ya Lidia iliyotaka kumsaidia, akajitwika mwenyewe akaondoka bila kuaga. Nikabaki katikati ya shamba langu, na Kolkepampa nzima hapakuwa na mtu wa kuniambia hongera.